Mwanangu hataki kuniita mama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mjane wa miaka 37, mzaliwa wa Tanga. Mume wangu alifariki mtoto wetu wa pekee akiwa na miaka mitatu. Miaka miwili baadaye nilipata kazi Ujerumani, katika nyumba ya kulelea wazee mjini Marburg. Mtoto nilimwacha kwa bibi yake mzaa baba. Siku ya safari gari lilikuja alfajiri. Mama mkwe akasema nisimwamshe, akiniona atalia mtaa mzima usikie. Nilivua viatu nikavishika mkononi, nikatoka.

Sasa ana miaka 13. Nimerudi mara mbili tu. Pesa natuma kila mwezi, ada sijawahi kuichelewesha. Sikukuu iliyopita nilimtumia gauni; bibi yake akanipigia kuniambia halipiti mabegani. Jumapili moja nikampigia mwenyewe, nikamwambia, "Mwanangu, nakukumbuka." Akanijibu, "Mwanao ni huyo bibi unayemwogesha." Akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei.

Huyo bibi ninayemwogesha aliniona nikilia. Akanipa kijitabu cha Mtakatifu Elisabeth, ambaye kanisa lake nalipita kila siku nikienda kazini. Akasema nisihuzunike, hata Elisabeth aliwaacha watoto wake watatu na leo anaheshimiwa dunia nzima. Mimi ni Mwislamu, habari zake sikuzijua. Nilikisoma usiku mzima. Badala ya kunipoza kimenichoma. Ni mwanamke gani huyu? Na wale watoto, waliishia wapi? Kijitabu hakisemi.

Kisha kuna nyumba aliyoiacha marehemu. Shemeji yangu, ndugu yake pekee, ndiye msimamizi wa mirathi na ndiye anayeishi humo. Ananiambia hiyo ni nyumba ya ukoo, mwanamke aliyehamia Ulaya hana lake. Baba mkwe alitangulia kufa, wa kumkemea hayupo.

Nifanye nini, Shangazi? Nimchukue mtoto kwa nguvu nije naye huku?

Mjane wa Marburg

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kuliko barua yoyote niliyopokea mwaka huu. Umeuliza mambo manne, lakini lile ulilolitupia katikati, kwamba watoto wa Elisabeth waliishia wapi, ndilo lililonishika. Nitaanzia hapo, kisha nije kwa shemeji yako na kwa huyo binti. Univumilie, maana kijitabu ulichopewa kimekusimulia nusu tu.

Elisabeth mwenyewe alikuwa mtoto aliyepelekwa mbali. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa 2 wa Hungaria na Malkia Gertrud. Alipofika miaka minne alitolewa kwao akapelekwa Thüringen, katikati ya Ujerumani, akakulie huko mpaka umri wa kuolewa. Watawala wa enzi zile walifunga urafiki kwa watoto wa kike. Aliyemlea ni mama mkwe wake mtarajiwa, aliyeitwa Sophie. Mwaka 1213 wakuu wa Hungaria waliokuwa na kinyongo walimuua mama yake. Binti alikuwa na miaka sita, nyumba si yao, lugha si yao, na msiba umetokea mbali.

Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig wa 4, mtawala wa Thüringen, kijana wa miaka 20. Yeye alikuwa na miaka 14. Ndoa ilikuwa ya kupangwa, lakini watu hawa walipendana waziwazi, mpaka jamaa wakaona wamezidisha. Wakapata watoto watatu. Tazama majina yao: Hermann, mwaka 1222, jina la babu yake mzaa baba. Sophie, mwaka 1224, jina la mama mkwe. Gertrud, mwaka 1227, jina la mama aliyeuawa. Sisi tunaorithishana majina tunajua maana yake. Huyu mwanamke alikuwa akiwarudisha nyumbani waliofariki na kumheshimu aliyemlea, jina moja baada ya jingine.

Mwaka 1226 njaa iliingia Thüringen, na mumewe yuko Italia kwa Kaisari Friedrich wa 2. Elisabeth akafungua maghala ya nafaka, akaanzisha hospitali chini ya kilima cha ngome yao, Wartburg, naye akashuka kila siku kuhudumia wagonjwa kwa mikono yake. Nadhani kijitabu chako kina kile kisa cha mkate uliogeuka mawaridi chini ya vazi lake alipokuwa akimficha mumewe. Kisa hicho kilikuja baadaye sana. Ludwig hakuwa mtu wa kufichwa mkate: aliporudi, watumishi wake wakamlalamikia kwamba mke anamaliza akiba, naye akawaambia wamwache atende mema.

Tunayajua haya kwa sababu baada ya kifo chake wanawake wanne waliomtumikia walihojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Mmoja, Guda, alikuwa naye tangu utotoni. Hawa ndio ninaowaamini kuliko wasimulizi wote waliofuata. Na wamesema jambo ambalo lingemchoma binti yako kama angelisikia. Wamesema katika hospitali ile ya chini ya kilima watoto wa maskini, wenye vidonda na wasio na kwao, walipomwona Elisabeth anaingia walimkimbilia na kumzunguka, wakimwita mama.

Ludwig alikufa tarehe 11 Septemba 1227, kwa homa, katika bandari ya Otranto kusini mwa Italia, akiwa njiani kwenda kwenye vita vya Msalaba. Gertrud alizaliwa tarehe 29 mwezi huohuo, siku 18 baada ya kifo cha baba yake, na habari ya msiba ikiwa bado njiani. Mama mkwe ndiye aliyemletea habari. Mwanzoni Elisabeth alidhani mumewe ametekwa tu. Alipoelewa, alipita akikimbia kama mtu aliyerukwa na akili mpaka ukuta ukamzuia. Alikuwa na miaka 20 na watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka mitano.

Hapa ndipo anapoingia shemeji. Jina lake Heinrich Raspe, mdogo wake Ludwig. Alishika utawala kwa niaba ya mtoto Hermann, na mali ya ujane, ile ambayo mume humtengea mke ili imtunze akibaki peke yake, haikumfikia Elisabeth. Wale wanawake wanne walishuhudia kwamba alitolewa ngomeni. Wanahistoria wanabishana: wengine husema aliondoka mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameapa kutokula chakula kilichopatikana kwa dhuluma, na bila mali yake hakuwa tena na chakula cha halali mezani. Kwangu mimi tofauti ni ndogo. Aliyemnyima chakula halali amemtoa nyumbani. Usiku wa kwanza alilala katika kibanda kilichokuwa kikifugiwa nguruwe. Kesho yake wakamletea watoto, kwenye baridi kali, naye hana pa kuwalaza.

Ndugu wa mama yake walimchukua. Dada mmoja wa mama yake alikuwa mkuu wa watawa huko Kitzingen. Mjomba, Askofu Ekbert wa Bamberg, alimweka katika ngome ya Pottenstein akitaka kumwoza tena. Elisabeth akasema wakimlazimisha atajikata pua, asitamaniwe na mtu. Mifupa ya Ludwig iliporudishwa na kuzikwa nyumbani mwaka 1228, wenzake wa safari walisimama upande wa mjane, na mashemeji wakakubali kulipa: fedha marki 2,000, pamoja na ardhi huko Marburg ya kutumia maisha yake yote. Maisha yake, nasema, si ya watoto wake. Lishike hili, nitalirudia.

Hivyo ndivyo alivyofika katika mji wako. Lakini kabla hajafika, siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, mjini Eisenach, aliweka mikono juu ya madhabahu akakana wazazi, watoto na hiari yake mwenyewe. Alitaka kukana na mali pia. Padri aliyemwongoza, Konrad wa Marburg, akamvuta mkono: kuna madeni ya marehemu, kuna maskini wa kulishwa. Kwa mali padri alimzuia. Kwa watoto hakumzuia.

Sitamsema Konrad kwa upole. Alikuwa mtu wa kuwasaka wanaoitwa wazushi, na mwaka 1233 aliuawa njiani na watu waliomchoka. Alimpiga Elisabeth makofi na viboko kwa jina la kumfundisha utii, akamfukuzia watumishi wake wa tangu utotoni, Guda na Isentrud, kwa kuwa aliwapenda. Na Elisabeth mwenyewe, kwa ushahidi wa Isentrud, alimwomba Mungu amwondolee mapenzi ya kupita kiasi kwa watoto wake, kisha akasema ameomba na amesikiwa, sasa anawaona kama anavyomwona jirani yeyote.

Najua hapo ndipo kijitabu kilipokuchoma. Nami palinichoma. Mimi ni mama. Sioni dua ya mama isiyo na raha kuliko hiyo, na mtu asiyeumia haombi aondolewe uchungu.

Marburg alijenga hospitali nyingine. Siku moja aligawa marki 500 kwa maskini waliokusanyika. Akachukua mtoto wa kiume aliyepooza akamlaza chumbani mwake, akimbeba nje usiku mara kadhaa kwenda haja. Huyo alipokufa akachukua msichana mwenye ukoma. Gertrud wake, ambaye hata miaka miwili mitatu hakuwa ameifikisha, alikuwa amepelekwa kwa watawa wa Altenberg, karibu na Wetzlar. Ni kama kilomita 40 kutoka unapoishi, kwenye mto huohuo wa Lahn unaouvuka.

Sasa nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu. Elisabeth hakutaka kula mkate wa bure, basi alikuwa akisokota sufu kwa malipo. Sufu hiyo ililetwa kutoka Altenberg, naye akisha kuisokota uzi ukarudi Altenberg. Mjumbe wa baba yake alimkuta ameketi na sufu mkononi, akastaajabu, akasema binti wa mfalme hajapata kuonekana katika kazi hiyo. Mjumbe aliona fedheha. Mimi naona uzi ule uliotoka mikononi mwa mama na kwenda katika nyumba alimokuwa mtoto wake. Hakuna aliyeandika kwamba aliwaza hivyo, na simwekei maneno kinywani. Lakini wewe unayetuma pesa kila mwezi utanielewa.

Kuna na siku nyingine. Konrad alimwita Altenberg. Watawa wakamwomba Elisabeth aingie ndani wamwone, Konrad akasema, akitaka aingie. Akaingia. Alipotoka, Konrad akasema amevunja amri, akaagiza yeye na mtumishi wake Irmgard wapigwe fimbo, na wakati wanapigwa Konrad akiimba zaburi ya toba. Irmgard alisema alama zilibaki mwilini mwake wiki tatu, na mwilini mwa Elisabeth zilikaa zaidi. Ushahidi hautaji mtoto. Unataja tu kwamba mama alivuka mlango wa nyumba ile akalipa.

Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231. Alikuwa na miaka 24. Sophie wake alikuwa na miaka saba, Gertrud minne.

Umeniuliza waliishia wapi. Mama yao aligeuka mali ya watu. Mwaka 1235 Papa Gregori wa 9 alimtangaza mtakatifu, na kazi kubwa ya kulifanikisha ilifanywa na shemeji mwingine, Konrad wa Thüringen, ambaye alikuwa amejiunga na Shirika la Kitutoni, wapiganaji wenye nadhiri za kitawa, waliokwisha kukabidhiwa hospitali yake. Tarehe 1 Mei 1236 mifupa iliinuliwa kutoka kaburini mbele ya umati mkubwa, na Kaisari Friedrich mwenyewe akaweka taji juu ya kichwa cha marehemu. Mwaka huo Sophie alikuwa na miaka 12, mmoja chini ya binti yako. Kanisa lile unalolipita lilianza kujengwa 1235 na kuwekwa wakfu 1283. Lilijengwa juu ya kaburi lake. Fikiria mtoto aliyemkosa mama kitandani akija kumkuta katika kasha lililopakwa dhahabu, na watu wa nchi za mbali wakilibusu.

Hermann alikufa Januari 1241, kabla hajafikisha miaka 19. Heinrich Raspe akaendelea kutawala, na mwaka 1246 akachaguliwa na wapinzani wa Kaisari kuwa mfalme. Akafa mwaka uliofuata. Alikuwa ameoa mara tatu na hakuacha mtoto.

Gertrud hakutoka Altenberg. Mwaka 1248, akiwa na miaka 20 au 21, aliwekwa kuwa mkuu wa nyumba ile, akaiongoza karibu miaka 50 mpaka alipofariki mwaka 1297. Kanisa la sasa la Altenberg lilijengwa wakati wake, na kaburi lake limo humo.

Lakini Sophie ndiye ninayetaka umjue. Katika mwaka wa 1241 aliozwa kwa Heinrich wa 2, mtawala wa Brabant, mwanamume mwenye watoto wakubwa. Mwaka 1244 akazaa mtoto wa kiume, Heinrich. Februari 1248 mumewe akafa. Basi naye ni mjane, ana miaka 23, ana mtoto wa miaka mitatu, na nchi ya baba yake imebaki bila mrithi wa kiume. Aliyeidai ni Heinrich wa Meissen, mtoto wa shangazi yake, mtu mzima mwenye jeshi. Sophie alimbeba mwanawe kutoka Brabant mpaka Marburg, akamsimamisha mbele ya watu wa Hessen, nchi ulipo mji huo wa Marburg, wamwapie utii. Ugomvi ule wa mirathi ulidumu miaka 17, kuanzia 1247 mpaka 1264. Alishindwa Thüringen, akaipata Hessen. Mkoa unaoishi ulipata nyumba yake ya kutawala kwa sababu ya mjane huyo, na uwanjani pale Marktplatz ipo sanamu yake akiwa na mtoto. Nenda ukaitazame.

Na katika hati zake Sophie alijitambulisha hivi: mtawala wa Brabant kwa ndoa, bibi wa Hessen, na binti wa Mtakatifu Elisabeth. Binti wa mama aliyemkana madhabahuni akiwa na miaka minne.

Nimelifikiria sana hilo. Watu wepesi watakuambia: unaona, alimsamehe, mwanao naye atakuja kuelewa, subiri. Mimi sikwambii hivyo. Sophie alilihitaji jina lile. Lilikuwa ngao yake mbele ya wanaume wenye majeshi, na jina la mtakatifu linafungua milango. Hati zake zinahusu ardhi na haki. Lile swali ambalo mtoto humuuliza mama, kwamba siku ile uliwezaje, alikosa wa kumuuliza. Alipofika umri wa kuuliza, aliyebaki ni mifupa, na jibu walilompa watu wote lilikuwa moja: mama yako ni mtakatifu. Jibu hilo humfunga mtoto mdomo. Atalalamikaje?

Na ndiyo sababu yule bibi unayemwogesha, ingawa alikupa kijitabu kwa moyo mwema, alikupa dawa isiyo yako. Usijifanye Elisabeth kwa binti yako. Nimeisoma barua yako mara nyingi: pesa kila mwezi, ada haichelewi. Ni kweli, na ni jasho lako. Lakini kila ukimtajia ada, unampa kasha la dhahabu abusu. Anajua unamlisha. Hilo halikuwa swali lake. Yeye amekwambia anaona mikono yako iko kwa mtoto mwingine, na kwa macho yake amesema kweli, kama wale watoto wa hospitalini waliomwita Elisabeth mama wakati Sophie yuko ngomeni juu. Gauni lilikataa mabegani kwa sababu ulilipima kwa mtoto uliyemwona safari ya mwisho.

Tofauti yako na Elisabeth ni kubwa, na ni moja: wewe uko hai, unaweza kuulizwa. Omba likizo urudi Tanga. Usiende na sanduku la zawadi. Kabla ya kusafiri mpigie mama mkwe, umshukuru kwa miaka minane ya kulea, kwa maneno, si kwa muamala. Mwanamke huyo alikushauri vibaya alfajiri moja, lakini amepika uji asubuhi zote zilizofuata. Binti akikuona unamvunjia heshima bibi yake, umemkosa kabisa.

Habari ya kumchukua kwa nguvu, hapana. Elisabeth alipelekwa Thüringen hakuulizwa. Gertrud alipelekwa Altenberg hakuulizwa. Binti yako aliachwa usingizini hakuulizwa. Safari hii aulizwe. Nenda ofisi ya wageni ya mji wako ukapate masharti ya kumleta mtoto, na uende mapema, kwa sababu akifika miaka 16 masharti ya Ujerumani hukaza. Uyajue yote, uwe na karatasi mkononi, kisha umuulize yeye. Akisema hataki, mwache kwa bibi yake, na urudi mara nyingi kuliko ulivyorudi. Afadhali likizo fupi kila mwaka kuliko mara mbili katika miaka minane.

Sasa shemeji. Nilikwambia uishike ile habari ya mali ya ujane. Elisabeth alipata chake cha maisha yake tu, na binti yake akalazimika kupigania haki ya baba kwa miaka 17. Wewe usipatane kwa ajili yako peke yako. Kama mirathi ni ya Kiislamu na madeni ya marehemu yamelipwa, hesabu ni nyepesi: gawa nyumba mafungu 24. Wewe mke una 3. Binti yako wa pekee ana 12. Mama wa marehemu ana 4. Yanabaki 5, hayo ndiyo ya shemeji yako. Nyumba anayoiita ya ukoo, nusu yake ni ya mtoto wa miaka 13 anayelala kwa bibi. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Anapaswa kuipelekea mahakama iliyomteua orodha ya mali na taarifa ya jinsi alivyoigawa, na asipofanya hivyo anaweza kuondolewa. Ukifika Tanga nenda Mahakama ya Mwanzo ukaombe kuona jalada, na ukae kwanza na mama mkwe, maana fungu lake nalo limo humo na pengine hajaambiwa. Fanya kwa maandishi na bila matusi. Huyo ni baba mdogo wa mwanao na ataendelea kuwa hivyo.

Lakini mahakama isitangulie. Siku ya kwanza iwe ya binti peke yake. Mkae mahali asipolazimika kukutazama usoni, hata kama ni jikoni mkichambua mchele. Mwambie una neno la alfajiri ile. Atanyamaza, au atakujibu vibaya. Akikuuliza kwa nini hukumwamsha, usimtaje bibi yake, hata kama ni kweli ndivyo alivyosema. Wewe ndiye uliyekuwa mama. Mwambie uliogopa kwamba akiamka hutaondoka. Mwambie na lile la viatu mkononi.